Picha Nayo Ina Mwenyewe

Hapa visiwani mtu akiikuta nazi imeanguka chini ya mnazi, hata kama hapana ukuta wala mlinzi, anajua kwamba mnazi ule una mwenyewe. Akiichukua bila ya ruhusa na akakamatwa, hatajitetea kwa kusema kwamba aliikuta chini, maana anajua kuwa neno hilo halitamwokoa mbele ya sheha wala mbele ya hakimu. Lakini mtu huyo huyo, muungwana na mcha Mungu, akiikuta picha ya mwimbaji au ya mchezaji wa mpira katika mtandao, huiona kama samaki wa bahari kuu, ambaye ni wa yeyote aliyemtia nyavuni. Hulikata jina la mpiga picha lililo pembeni, huigonga picha muhuri wa blogu yake, na jioni hiyo hiyo huanza kuwahesabu wasomaji iliyomletea.

Jambo hili limezoeleka mno hata wengi hawalioni tena kuwa ni kosa. Sisi tunaliona kuwa ni kosa, na tunaamini kwamba wakati umefika wa kulizungumza waziwazi, bila ya kumtukana mtu na bila ya kumwonea mtu. Tunasema bila ya kumwonea mtu kwa sababu katika mgogoro huu wa picha za watu mashuhuri haki haiko upande mmoja. Yuko aliyeipiga picha, ambaye amenunua kamera, amesimama juani na ameujua wakati wa kubonyeza. Yuko aliyepigwa, ambaye sura ni yake na heshima ni yake. Yuko mwenye blogu, anayetaka kuwapasha watu habari na kupata riziki. Na uko umma, ambao una haki ya kujua mambo ya watu wanaojitokeza mbele yake. Sheria iliyo njema ni ile inayompa kila mmoja katika hao wanne kilicho chake.

Wapo wanaodhani kwamba ugomvi huu umezaliwa na mtandao. Sivyo hata kidogo. Mnamo Januari 1882 mwandishi Oscar Wilde alifika New York, naye wakati ule alikuwa gumzo la mji. Mpiga picha Napoleon Sarony akampokea katika studio yake na kumpiga picha kadhaa. Haikupita muda kampuni ya uchapaji ya Burrow-Giles ikachapa nakala 85,000 za picha mojawapo bila ya kumwuliza mwenyewe. Iliposhitakiwa, kampuni ilijitetea kwamba picha ni kazi ya mashine, na kwamba mashine haina ubunifu unaostahili kulindwa. Mwaka 1884 Mahkama ya Juu ya Marekani iliikataa hoja hiyo. Ilisema kwamba Sarony ndiye aliyemketisha mgeni wake, akachagua nguo na mapazia, akaupanga mwanga na kivuli, na kwa hiyo picha ile ilikuwa zao la akili yake. Tangu siku hiyo haikuwezekana tena kusema kwamba picha haina mtunzi. Kwa hakika, uamuzi huo mkubwa juu ya picha katika nchi ile ulitokana na picha ya mtu mashuhuri iliyochukuliwa na watu wenye haraka ya kuuza.

Mkondo wa mambo haukubadilika ulipokuja mtandao, ila kasi ndiyo iliyoongezeka. Novemba 2006 wakala wa picha aitwaye X17 wa Los Angeles alimshitaki mwanablogu Mario Lavandeira, ambaye ulimwengu unamjua zaidi kwa jina la Perez Hilton. Wakala alidai kwamba picha zake 51 za watu mashuhuri zimetumiwa bila ya ruhusa, na akataka fidia ya dola milioni 7.6. Mwaka uliofuata mawakala wengine nao wakaingia mahkamani dhidi ya mwanablogu huyo huyo. Yeye alijitetea kwamba hakuzichukua picha hizo kama zilivyo. Alizichora juu yake, akaziandika maneno ya kejeli, na kwa hiyo, alisema, kazi yake ilikuwa ni dhihaka na uhakiki, jambo ambalo sheria ya Marekani inaliruhusu chini ya kanuni ya matumizi ya haki.

Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Jamii isiyoruhusu dhihaka itakosa mtu wa kuwaambia wakubwa wake ukweli. Lakini ipo tafauti baina ya kumdhihaki mtu kwa picha na kuitumia picha hiyo hiyo kwa kazi ile ile ambayo mwenyewe anaiuzia. Jambo hilo lilipata ufafanuzi mkubwa Mei 2023, katika kesi iliyohusu picha ya mwanamuziki Prince. Mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga Prince mwaka 1981. Mwaka 1984 gazeti la Vanity Fair lilimlipa dola 400 ili picha yake itumiwe mara moja tu kama kielelezo cha msanii Andy Warhol. Warhol akatengeneza picha kadhaa za rangi kutokana na ile moja. Prince alipofariki mwaka 2016, kampuni ya Condé Nast ililipa taasisi ya Warhol dola 10,000 kwa kutumia mojawapo juu ya jalada, na Bibi Goldsmith hakupata hata senti wala jina lake halikutajwa. Majaji saba kwa wawili wa Mahkama ya Juu waliamua kwamba pale ambapo picha mbili zinatumiwa kwa lengo moja, yaani kuupamba ukurasa wa gazeti kwa sura ya Prince, rangi mpya peke yake haitoshi kuifuta haki ya mwenye picha ya kwanza. Ikiwa Warhol, kwa ukubwa wa jina lake, hakupewa njia hiyo ya mkato, basi mwanablogu anayeongeza moyo mwekundu pembeni mwa picha asidhani kwamba yeye atapewa.

Twende sasa katika visiwa vya wenzetu, maana mfano wa kisiwa hueleweka zaidi na mtu wa kisiwa. Huko Puerto Rico mpiga picha Sixto Núñez alimpiga picha Joyce Giraud, aliyekuwa mrembo wa Puerto Rico, kwa ajili ya kitabu chake cha kazi ya uanamitindo. Baadhi ya picha hizo zilionesha mwili zaidi ya ilivyotarajiwa kwa mwenye taji, na kisiwa kizima kikaingia katika mjadala kama anafaa kuendelea kulivaa. Gazeti la El Vocero likazichapa picha tatu bila ya ruhusa ya mpiga picha. Núñez akaenda mahkamani. Mwaka 2000 mahkama ya rufaa iliamua kwamba gazeti halikukosea. Ilisema kwamba katika jambo lile picha zenyewe ndizo zilizokuwa habari, na kwamba msomaji asingeweza kuupima ule mjadala bila ya kuziona. Isitoshe, gazeti lilizipata kwa njia ya halali, lilitaja jina la mpiga picha, na halikumharibia soko, kwa kuwa picha zile hazikupigwa ili ziuzwe kwa wasomaji.

Sasa tuilinganishe kesi hiyo na nyengine. Januari 2007 mwimbaji Noelia, ambaye naye ana asili ya Puerto Rico, alifunga ndoa kwa siri huko Las Vegas na meneja wake. Miaka miwili baadaye gazeti la mambo ya watu mashuhuri liliuziwa picha za harusi ile na mtu aliyezipata bila ya wenyewe kujua, na likazichapa. Gazeti lilidai kwamba ndoa ya siri ya mtu mashuhuri ni habari. Mwaka 2012 mahkama ya rufaa, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ililikatalia. Ndoa ilikuwa habari, hapana ubishi. Lakini gazeti lingeweza kuithibitisha kwa cheti cha ndoa. Picha zilikuwa ni mali ya maharusi, nao walikuwa hawajataka kuzitoa.

Tunawaomba wasomaji wetu wazitafakari kesi hizi mbili pamoja, kwa sababu ndani yake mna kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuikumbuka bila ya kuwa mwanasheria. Ikiwa picha yenyewe ndiyo kiini cha habari, mwandishi ana uwanja wa kusimama. Ikiwa picha ni pambo la habari ambayo ingesimama bila ya picha hiyo, basi pambo hilo linapaswa kuombwa au kununuliwa. Mwanablogu anayeandika kwamba mwimbaji fulani amepata mtoto hana haja ya picha iliyopigwa na mwengine katika ukumbi wa harusi mwaka juzi. Anaitaka kwa sababu inavuta macho, na kinachovuta macho ndicho chenye bei.

Lakini haki ya mpiga picha nayo isifanywe kuwa rungu. Kuna mambo yametokea ambayo yanamshangaza hata mtu mwenye kuiheshimu sheria. Januari 2019 mwanamitindo Gigi Hadid alishitakiwa huko New York kwa kuiweka katika ukurasa wake picha yake mwenyewe, ambayo ilipigwa barabarani na mmoja wa wale wapiga picha wanaowavizia watu maarufu. Oktoba mwaka huo huo mwanamitindo Emily Ratajkowski alishitakiwa kwa kuweka picha ambayo ndani yake ameuficha uso wake kwa shada la maua ili asipigwe. Alidaiwa dola 150,000. Shauri la kwanza lilitupwa Julai 2019, si kwa sababu mwenye sura alionekana kuwa na haki, bali kwa sababu wakala wa picha alikuwa hajakamilisha kuiandikisha picha hiyo katika ofisi ya serikali kabla ya kwenda mahkamani, kama Mahkama ya Juu ilivyokuwa imesisitiza Machi mwaka huo. Shauri la pili lilimalizika kwa suluhu mwaka 2022. Kwa mujibu wa sheria, hakimiliki ni ya aliyepiga, si ya aliyepigwa. Sisi tunaifahamu kanuni hiyo na tunaikubali, lakini mtu kuvamiwa njiani na kisha kudaiwa fedha kwa kuionesha sura yake mwenyewe ni jambo ambalo akili ya kawaida inalipokea kwa shida.

Kadhalika wapo waliogeuza madai kuwa biashara. Kampuni iliyoitwa Righthaven, ya Las Vegas, ilianza kazi mwaka 2010. Ilichukua haki za kushitaki kutoka kwa magazeti, kisha ikawaburuta mahkamani zaidi ya wenye blogu na tovuti mia mbili, aghalabu bila ya kuwaonya kwanza, kwa makala na picha zilizonakiliwa. Walioshitakiwa wengi walikuwa watu wadogo ambao ada ya wakili ingewafilisi kabla ya hukumu. Mwaka 2011 mahkama zikagundua kwamba kampuni hiyo haikuwa na umiliki wa kweli wa kazi ilizokuwa ikizidai, na madai yake yakaporomoka. Sheria ya Marekani inaruhusu fidia ya kuanzia dola 750 hadi 30,000 kwa kazi moja, na hadi 150,000 ikiwa mkosaji amekusudia. Silaha kali kama hiyo ikiwa mikononi mwa mwenye tamaa, mwanablogu wa kijijini anaweza kuuza nyumba kwa picha moja ya mcheza filamu.

Upande wa pili wa mizani yuko Daniel Morel wa Haiti. Tetemeko la ardhi lilipoiangusha Port-au-Prince tarehe 12 Januari 2010, Morel alikuwa miongoni mwa wachache waliokuwapo na kamera. Alizipeleka picha zake katika mtandao siku hiyo hiyo. Mtu mwengine akazichukua na kujitia kuwa ni zake, na shirika la habari la AFP likazisambaza duniani, nalo shirika la Getty likazisambaza vile vile. Morel alipolalamika, AFP ndiyo iliyotangulia mahkamani kutaka itamkwe kwamba haina kosa. Novemba 2013 baraza la wazee wa mahkama huko New York lilimpa Morel zaidi ya dola milioni 1.2. Huyu hakuwapiga picha watu mashuhuri. Aliwapiga watu wa kisiwa chake katika saa yao ya msiba. Lakini tunamtaja kwa sababu kisa chake kinavunja dhana iliyo kubwa kuliko zote, kwamba picha ikishawekwa mtandaoni na mwenyewe, basi amewapa walimwengu. Kuianika nguo uani si kuigawa sadaka.

Je, sisi tuko wapi katika haya? Zanzibar haikosi sheria. Tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na chini yake ipo Ofisi ya Hakimiliki, ambayo wengi wanaijua kwa jina la COSOZA. Wenzetu wa Bara wanayo sheria yao ya mwaka 1999 na chombo chao, COSOTA. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, na mkataba huo unasema kwamba kazi hulindwa bila ya kutegemea sharti la kuiandikisha. Maana yake ni kwamba kijana wa Michenzani anayempiga picha mwimbaji wa taarab usiku wa leo ni mwenye haki tangu pale alipobonyeza, hata kama hajagonga muhuri wala kulipa ada mahali popote. Mkataba huo pia unaruhusu kunukuu kwa kiasi kinachofaa na kuripoti matukio ya wakati, lakini unasisitiza kwamba anayenukuu ataje chimbuko na jina la mtunzi.

Kinachokosekana, basi, si karatasi ya sheria. Kinachokosekana ni watu kuijua, na ofisi kuitekeleza. Tazama mfano ulio karibu nasi. Marehemu Fatuma binti Baraka, Bi Kidude wetu, alitutoka Aprili 2013, na sura yake imeenea ulimwenguni pengine kuliko sura ya Mzanzibari mwengine yeyote wa zama zake. Picha zake zinapita kutoka ukurasa hadi ukurasa, na aghalabu hapana jina la aliyeipiga. Wapiga picha wa hapa waliokesha katika matamasha, wakimsubiri ainue mkono au atabasamu, wanaziona kazi zao zikiwatumikia wengine. Mzee wetu aliimba hadi uzeeni na wengi waliofaidi zaidi walikuwa mbali. Itakuwa aibu ikiwa na wapiga picha wake nao tutawafanyia hivyo hivyo.

Tazama na Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza hapa Mjini mwaka 1930. Sura za watawala, za wakubwa na za watu wa kawaida wa zama zile tumezihifadhi kwa jicho lake na la wapiga picha wenziwe. Leo mtu hupiga nakala ya picha ya aina hiyo kwa simu, huiweka katika ukurasa wake kwa maneno ya "Zanzibar ya zamani", na husahau kwamba kuna watu waliotunza filamu hizo kwa miongo mingi, katika joto na unyevu wa mji huu. Baadhi ya picha za zamani huenda muda wake wa ulinzi umekwisha na zimekuwa mali ya umma. Lakini hata mali ya umma ina adabu zake, na adabu ya kwanza ni kumtaja aliyeifanya.

Liko pia jambo ambalo linagusa mifuko yetu moja kwa moja. Freddie Mercury alizaliwa hapa Mji Mkongwe mwaka 1946, na tangu Novemba 2019 pana nyumba ya makumbusho yenye jina lake. Sura yake inavuta wageni, na kwa hiyo waongozaji wageni, wenye nyumba za kulala na waandishi wa blogu za utalii wanaipenda. Lakini picha za Freddie zinazojulikana zaidi zilipigwa ng'ambo na watu wenye majina na mawakili. Picha ya jalada la Queen II la mwaka 1974, kwa mfano, ilipigwa na Mwingereza Mick Rock. Siku hizi ziko kampuni zinazotumia mashine kuipekua mitandao ya dunia nzima ili kuzitafuta picha za wateja wao. Kijana wa Unguja anayetangaza matembezi ya mjini kwa picha kama hiyo anaweza kuamka asubuhi akakuta barua ya madai ya fedha ambazo hatazipata kwa msimu mzima wa wageni. Umbali wa bahari haumkingi mtu tena.

Tuseme kweli na juu yetu sisi wenyewe. Magazeti hayana mikono misafi katika jambo hili. Mara ngapi wasomaji wameona chini ya picha maneno "picha kwa hisani ya mtandao"? Mtandao hauna hisani. Hisani ni ya mtu, na mtu huyo hakuulizwa. Kisha gazeti hilo hilo likiona picha ya mpiga picha wake imechukuliwa na mwanablogu, linapiga makelele. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kabla ya kumfundisha mwanablogu, vyumba vya habari navyo vijifundishe.

Kwa wanablogu tunasema haya. Kutaja jina la mpiga picha ni adabu, lakini si ruhusa. Aliyeipiga akiulizwa kwa heshima, mara nyingi atakubali, na pengine atafurahi. Zipo pia picha ambazo wenyewe wamezitoa zitumiwe kwa masharti maalumu, kama zile zilizo chini ya leseni za Creative Commons. Mtu azisome hizo leseni na atimize sharti lake. Lililo bora kuliko yote ni kwamba mwanablogu atoke, aende uwanjani na katika tamasha, apige picha yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na mwenye picha akija kulalamika, mwanablogu aiondoe mara moja, ajibu kwa upole, na azungumze naye kabla mambo hayajafika mbali.

Kwa wapiga picha tunasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kisa cha wakala aliyeshindwa dhidi ya Bibi Hadid kwa kutokamilisha uandikishaji ni somo, hata kama sheria zetu zinatafautiana na za huko. Mpiga picha aitunze picha ya asili, aandike tarehe na mahali, aiandikishe kazi yake Ofisi ya Hakimiliki pale inapowezekana, na afanye mapatano ya maandishi na waliomwajiri. Aweke pia bei inayolingana na hali yetu. Blogu ya wasomaji mia mbili haiwezi kulipa bei ya gazeti la London, na anayedai bei hiyo anamfundisha mwenziwe kuiba.

Kwa Serikali tuna maombi manne. La kwanza ni elimu. Mwaka 2018 zilipotolewa kanuni za maudhui ya mtandaoni, wanablogu nchini walitakiwa kulipa ada ya maombi ya shilingi 100,000 na ya leseni shilingi 1,000,000, ingawa viwango hivyo vilibadilishwa baadaye. Ikiwa dola iliweza kuwafikia wanablogu ili kuwatoza, basi inaweza kuwafikia ili kuwafundisha. Kijitabu cha kurasa chache, kwa Kiswahili chepesi, kinachoeleza ni picha gani mtu anaweza kuitumia na kwa njia gani, hakitaigharimu Hazina kitu kikubwa.

La pili ni njia nyepesi ya kusuluhisha madai madogo. Marekani yenyewe, baada ya kuona kwamba kesi ya picha moja inakula fedha nyingi kuliko picha, ilipitisha sheria mwaka 2020, na Juni 2022 likaanza kazi baraza la madai madogo ya hakimiliki ambalo haliwezi kutoa fidia ya zaidi ya dola 30,000 kwa shauri, na ambalo mtu anaweza kwenda bila ya wakili. Kwa nini nasi tusiwe na siku maalumu katika mwezi ambapo mpiga picha na mwanablogu wataketi mbele ya afisa wa hakimiliki, wasikilizwe, na waondoke na suluhu iliyoandikwa? Usuluhishi ni mila yetu tangu zamani; hatuna haja ya kuuagiza kutoka ng'ambo.

La tatu ni ushirikiano wa ofisi mbili. Picha iliyopigwa Chake Chake asubuhi huwa katika blogu ya Dar es Salaam kabla ya adhuhuri. Mpiga picha wa Pemba hapaswi kuambiwa na ofisi moja kwamba aende nyengine, na kule akaambiwa arudi alikotoka. COSOZA na COSOTA ziwe na mapatano ya wazi juu ya malalamiko yanayovuka bahari, na mapatano hayo yatangazwe ili wananchi wayajue.

La nne ndilo zito zaidi, na tunalisema kwa unyenyekevu lakini bila ya woga. Hakimiliki isigeuzwe kuwa kufuli la midomo. Kiongozi anapohudhuria shughuli ya umma, amejitokeza mbele ya umma. Mwanablogu akiitumia picha ya tukio hilo kuhoji ahadi iliyotolewa, asije akatishwa kwa jina la hakimiliki ilhali kinachochukiwa ni swali lake. Sheria hii imewekwa kulinda jasho la mpiga picha. Haikuwekwa kuwalinda wakubwa na aibu. Afisa atakayeitumia kwa jambo la pili ataifanya ichukiwe hata pale inapostahili kuheshimiwa, na watakaoumia mwisho ni wapiga picha wale wale iliyokusudiwa kuwalinda. Vile vile kurasa za wizara na idara zenyewe zianze kuandika chini ya kila picha jina la aliyeipiga. Mfano wa mkubwa hufuatwa upesi kuliko amri yake.

Hatudai kwamba kesho kila picha italipiwa. Tunajua hali za watu. Tunachodai ni kwamba tabia ianze kubadilika: kuuliza kwanza, kutaja jina, kulipa pale panapostahili, na kuacha pale mwenyewe aliposema hapana. Wapo vijana katika visiwa hivi wanaoweza kuishi kwa kazi ya kamera, wakazionesha sura za watu wetu kwa macho ya wenyewe badala ya macho ya wapita njia. Wakiona kwamba kila wanachokitoa kinachukuliwa kabla ya jua kuchwa, watazikunja kamera zao na kutafuta kazi nyengine. Miaka hamsini ijayo wajukuu wetu watakapozitafuta picha za zama hizi, wasije wakakuta tu nakala zilizofifia, zilizokatwa pembeni, zisizo na jina la mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu tunauona sote.